Kopi Zinazorudishwa na Mteja: Tafuta Chanzo Mezani Kabla ya Kununua Draivu Mpya

Kwaya imeleta video ya tamasha, au kikundi cha ngoma kutoka Kisesa kimeleta mashindano yake, na oda ni kopi 100 za DVD kwa ajili ya Jumapili. Wiki moja baadaye kopi 12 zimerudishwa. Nyingine deki haizisomi kabisa, nyingine picha inaganda katikati ya wimbo, na moja haina kitu ndani. Mafundi wengi hapo hulaumu diski za bei rahisi, kisha wanailaumu mashine. Diski mbovu zipo, na draivu huchoka kweli. Lakini kinachoharibu kopi nyingi ni meza: vumbi, vidole vyenye mafuta, joto, ekstensheni moja iliyobeba kila kitu, na diski tupu kukaa jirani na iliyokwisha kuchomwa. Haya yote yanarekebishika kwa gharama ndogo kuliko draivu moja, ilimradi ujue kuisoma dalili.

Mwongozo huu unahusu chumba chenye mashine ya kudurufia ya draivu 7, kompyuta moja na printa ya wino, ambayo ndiyo hali ya vyumba vingi hapa Mwanza, kati ya Makoroboi, Kirumba na Igoma. Anayetumia kompyuta peke yake yenye draivu moja atayatumia karibu yote.

Kwanza, mwombe mteja akurudishie diski yenyewe

Usikubali maelezo ya simu tu. Diski iliyorudi ina habari nyingi kuliko mteja anavyoweza kueleza.

DVD huandikwa kuanzia karibu na tundu la katikati kwenda nje. Kwa hiyo video ikigoma mwanzoni, tatizo liko sehemu ya ndani. Ikigoma dakika kumi za mwisho, tatizo liko ukingoni. Ishike diski kwa ukingo, igeuze upande wa chini, iinamishe taratibu chini ya balbu. Sehemu iliyochomwa ina rangi tofauti kidogo na isiyochomwa, na mpaka kati yake unaonekana kama duara jembamba. Ndani ya sehemu iliyochomwa, tafuta madoa.

Doa unaloliona sasa lifute kwa kitambaa laini kisafi, ukivuta moja kwa moja kutoka katikati kwenda ukingoni. Usizungushe, maana mkwaruzo unaofuata mzunguko hufuta data nyingi zilizopangana, wakati mkwaruzo unaokatiza hugusa kidogo kila mzunguko na deki huweza kuurekebisha. Jaribu tena. Ikicheza, uchafu uliingia baada ya kuchoma, pengine nyumbani kwa mteja. Ikigoma palepale huku uso ukiwa safi, kuna uwezekano mkubwa kwamba vumbi lilikuwa juu ya diski tupu wakati inachomwa. Mwanga wa leza ulizibwa, na pale chini ya chembe rangi ya ndani haikuungua ipasavyo. Hilo hakuna kitambaa kinachoweza kulitibu. Ukiinamisha diski vizuri utakiona kivuli kidogo kimebaki, mithili ya alama ya tone la maji lililokauka kwenye kioo.

Geuza pia upande wa juu. Kwenye CD, data imekaa chini kidogo tu ya lebo, imefunikwa na rangi nyembamba ya kinga. Mkwaruzo wa juu unaua CD haraka kuliko mkwaruzo wa chini. DVD ni tofauti: ni vipande viwili vya plastiki vya milimita 0.6 vilivyogandishwa pamoja, na data iko katikati yake. Ndiyo maana DVD huvumilia mikwaruzo ya juu lakini haivumilii kupindwa.

Draivu zote 7 zinafeli kwa pamoja

Tazama asilimia kwenye kioo cha mashine wakati zinafeli, uiandike.

Zikifeli kila mara kwenye asilimia ileile, tuseme 63, shida ni masta, yaani diski ya asili unayonakili. Kuna sehemu masta haisomeki, na mashine ikifika hapo inakosa cha kuzipa draivu saba. Safisha masta, kisha usiendelee kuisoma kutoka kwenye trei. Ipakie kwenye diski kuu ya mashine kama mashine yako inayo, au itengeneze upya kutoka kwenye faili la kompyuta. Masta ya diski inayotolewa na kurudishwa mara 15 kwa kazi moja, ikilazwa mezani kila mara, itachubuka tu.

Zikifeli kwenye asilimia tofauti tofauti, leo 20, kesho 81, angalia umeme na joto, tutayafikia chini. Zikitemwa zote kabla hata ya kuanza, fungu hilo la diski tupu halipatani na draivu zako. Jaribu fungu jingine la aina tofauti. Likikubali, rudisha la kwanza dukani siku hiyohiyo. Kabla ya kununua fungu la 100, chukua diski 7 za majaribio, moja kwa kila draivu.

Ikifeli draivu moja tu, mfano namba 3, raundi mbili mfululizo, usibishane nayo. Diski iliyofeli itupe, weka mpya raundi inayofuata. Ikifeli tena, zima mashine, badilisha kebo ya draivu 3 na ya draivu 4. Tatizo likihama na kebo, nunua kebo. Likibaki kwenye draivu, isafishe lenzi mara moja, na isipopona itoe kwenye kazi. Mashine ya draivu 6 nzima ni bora kuliko ya 7 inayoharibu diski moja kila raundi: kwa oda ya 100 hizo ni diski 14 hivi za kutupa.

Video inaganda mwishoni tu

Hii ndiyo dalili inayorudi zaidi, na ina vyanzo vinne ambavyo mara nyingi vinakuja pamoja.

Cha kwanza ni kasi. DVD ikichomwa kwa kasi ya 16x, yaani mara 16 ya kasi ya msingi, inapofika ukingoni huzunguka zaidi ya mara 9,000 kwa dakika. Diski isiyo na uwiano mzuri hutetemeka, na leza inahangaika kulenga. Choma kwa 8x. Diski iliyojaa itachukua dakika 8 hadi 9 badala ya 6. Oda ya 100 kwenye draivu 7 ni raundi 15, kwa hiyo umeongeza dakika 45 hivi kwa kazi nzima. Dakika hizo ni chache kuliko safari moja ya kumpelekea mteja kopi za fidia Igoma. CD za nyimbo zichome kwa 16x au 24x. Kushuka hadi 1x au 2x kwa kudhani ndiyo salama zaidi si lazima, kwani diski nyingi za sasa zimetengenezwa kwa kasi za kati na baadhi huandikwa vibaya zikipunguzwa mno.

Cha pili ni vidole. Ukingo ndio unaoshikwa. Mtu akila sangara wa kukaanga kisha akafuta mikono kwenye suruali, mafuta bado yapo. Weka beseni la maji, sabuni na taulo mlangoni mwa chumba, na chakula kiliwe nje. Diski ishikwe kwa kidole kimoja kwenye tundu na gumba ukingoni. Glavu si lazima. Mikono iliyooshwa na kukauka inatosha.

Cha tatu ni kujaza kupita kiasi. Diski iliyoandikwa gigabaiti 4.7 inaonekana kwenye kompyuta kama 4.37. Ishie kwenye 4.2. Sehemu ya mwisho ya ukingo ndiyo dhaifu zaidi, hivyo iache ipumzike. Video ya saa 2 inaingia hapo ukitumia wastani wa megabiti 4.7 kwa sekunde, sauti ikiwemo, na inaonekana vizuri.

Cha nne ni lebo ya karatasi ya kubandika. Kwenye DVD usiibandike kabisa. Gundi inavuta plastiki inapokauka, diski inapinda kidogo kama sahani ya bati, na karatasi ikikaa pembeni hata milimita moja diski inayumba. Siku ya kuchoma itapita majaribio. Baada ya miezi miwili kwenye joto itagoma, na hapo lawama ni zako. Tumia diski zenye uso mweupe wa kuchapwa, au andika kwa kalamu ya wino laini isiyo na thina.

Madoa madogo kila diski, hata ulipofagia asubuhi

Hasa kwa kuwa ulifagia asubuhi. Ufagio wa chelewa hurusha vumbi la changarawe ya mawe yetu, nalo linakaa hewani muda mrefu kisha linatua juu ya meza wakati ndiyo kwanza unafungua diski. Fagia jioni baada ya kazi. Asubuhi piga deki sakafu kwa kitambaa chenye maji, futa meza kwa kitambaa kilichokamuliwa sana, subiri nusu saa, ndipo ufungue diski. Zulia liondoe, na pazia la kitambaa kizito pia.

Feni ndiyo kosa la pili. Feni ya mezani inayoelekezwa kwenye meza ya kazi ni sawa na mtu anayepuliza vumbi juu ya diski zako siku nzima. Igeuze ivute hewa kutoka nyuma ya mashine na kuitoa dirishani.

Kisha kuna vidudu vya ziwani. Anayeishi Capri Point, Kirumba au Igombe anavijua: vinapanda kutoka ziwani kama moshi mweusi, na jioni vinafuata taa. Huwa vingi zaidi siku za mwezi kuandama. Kila kimoja ni kidogo na laini, na ukikigusa kinapondeka na kuacha doa la kijani lenye unyevu. Kikitua juu ya diski tupu usikipanguse. Kipulize kwa pampu ndogo ya mpira, na kikigandamana itupe diski hiyo. Haifiki bei ya kazi yote. Vikiingia ndani ya mashine vinavutwa na feni yake na kujaa kwenye matundu ya hewa, na draivu zinaanza kupata joto bila wewe kujua sababu.

Kinga yake ni rahisi. Dirisha liwe na wavu wenye matundu madogo kuliko wa mbu wa kawaida. Kitambaa chepesi cha shela ya pazia kikibanwa vizuri kwenye fremu kinafanya kazi hiyo. Balbu angavu iweke nje, mita kadhaa kutoka mlangoni, ili ivivute huko. Ndani tumia balbu ya njano isiyo kali, na iwe ukuta wa upande wa pili, isiwe juu ya meza. Siku vimetanda kabisa, funga kazi ya kuchoma saa 12 jioni na ufanye kazi ya kuweka kava, ambayo haidhuriki. Asubuhi yake ondoa vilivyokufa kwa kitambaa chenye maji kabla hujawasha chochote.

Kopi moja haina kitu, nyingine imechomwa kazi ya mteja mwingine

Hapa mashine haihusiki hata kidogo. Ni mpangilio wa meza, na ndiyo sehemu ambayo wengi huipuuza kwa sababu haina waya.

Diski tupu na diski iliyochomwa zikilazwa kifudifudi zinafanana. Ukiziweka kwenye meza moja bila mpaka, simu ikalia, mteja akaingia, ukirudi huwezi kuzitofautisha bila kuziinamisha moja moja chini ya taa. Dawa yake ni meza yenye mwelekeo mmoja ambao haurudi nyuma.

Meza ya sentimita 180 kwa 60 inatosha. Ifunike kwa plastiki nyeupe au fomeka, kwa sababu chembe nyeusi juu ya uso mweupe inaonekana na juu ya mbao haionekani. Igawanye kwa utepe wa rangi sehemu nne, kutoka kushoto kwenda kulia. Kushoto kabisa ni diski tupu, na hapo pawe na fungu moja tu lililofunguliwa, limefunikwa kifuniko chake. Sehemu ya pili ni mashine. Sehemu ya tatu ni trei ya zilizotoka ambazo hazijakaguliwa. Ya nne, kulia, ni zilizokaguliwa na kupita, zikisubiri kuchapwa na kuwekwa kava. Chini ya meza weka ndoo yenye kifuniko, rangi nyekundu, ya zilizofeli. Diski haivuki mpaka kurudi kushoto kwa sababu yoyote. Ukiwa na shaka nayo, inaingia kwenye ndoo.

Kisha hesabu. Kwa kila raundi toa diski 7 tu kwenye fungu, usitoe 20 uziweke tayari. Ziingie 7, zitoke 7: idadi ya trei ya tatu na ya ndoo ikijumlishwa lazima iwe 7. Isipotimia, simama hapo hapo. Ni rahisi kutafuta diski moja kati ya saba kuliko moja kati ya mia. Mara nyingi utaikuta imenasa chini ya mwenzake, kwani diski mpya zilizokaa kwenye fungu hushikana mbili mbili, hasa wakati wa masika hewa ikiwa na unyevu. Ukichukua mbili kama moja, trei ya draivu itakwama au itakwaruza zote. Zipepee kidogo kwa ukingo kabla ya kuzigawa.

Jambo moja dogo linaokoa kazi nyingi baadaye. Kwenye duara la ndani linalong'aa, karibu na tundu, hakuna data. Diski ikishatoka, andika hapo kwa kalamu nyembamba ya wino laini namba ya raundi na ya draivu: 4-3, yaani raundi ya 4, draivu ya 3. Ukiandika hivi, kopi 12 zikirudi na tisa kati yake zina 3 mwishoni, jibu umelipata bila kufungua mashine. Zikiwa zote zimeanza na 11 na 12, kulikuwa na kitu saa hiyo: umeme, joto, au fungu jipya la diski. Daftari la mistari pembeni libebe tarehe, jina la kazi, aina ya diski na namba ya fungu, na saa kila raundi ilipoanza.

Kila kazi iwe na bahasha yake. Ndani yake masta, idadi ya kopi, mfano wa kava, na karatasi ya ruhusa iliyosainiwa na mwenye kazi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwenye wimbo na mwenye video, na bahasha isiyo na ruhusa haifai kufika kwenye meza yako. Meza iwe na bahasha moja tu kwa wakati mmoja. Kazi ya pili ikae kabatini hadi ya kwanza ifungwe.

Raundi za asubuhi nzuri, za mchana mbovu

Kama daftari linaonyesha makosa yanaanza saa 7 au saa 8 mchana, hilo ni joto. Chumba chenye bati bila dari kinaweza kupita nyuzi 30 kwa mbali, na ndani ya mashine yenye draivu saba zinazozunguka ni moto zaidi. Isogeze mashine sentimita 15 au zaidi kutoka ukutani. Matundu ya nyuma yafutwe vumbi kila wiki kwa brashi laini, mashine ikiwa imezimwa. Baada ya raundi 4 mfululizo ipumzishe dakika 15 trei zikiwa wazi, ukiwa umeifunika kwa shuka safi jepesi lisiloziba matundu. Kazi kubwa ianze saa 12 alfajiri. Saa 7 mchana raundi zote 15 zimeisha pamoja na ukaguzi. Diski tupu nazo zisikae dirishani. Rangi ya ndani inaharibiwa na jua hata kabla ya kuchomwa.

Raundi nzima imekufa katikati

Diski ya kuandikwa mara moja haiendelezwi. Umeme ukiyumba nusu sekunde kwenye dakika ya 7, diski saba zimekwenda.

Mashine ya draivu 7 ikichoma kwa pamoja hula takriban wati 200 hadi 250. UPS (kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika) ya VA 650 inatoa wati 360 hivi, kwa hiyo inaibeba, ila betri yake haitafika dakika 9 za raundi moja ya 8x, hasa ikiwa na mwaka mmoja. Chukua ya VA 1,500, na uichomeke mashine pekee pamoja na kompyuta inayolisha masta. Printa isikae kwenye UPS. Pasi, birika la umeme, friji na spika za dukani visikae kwenye ekstensheni ileile, maana kila friji inapowaka volti zinashuka na draivu zinahisi. Kama taa za chumba hufifia jioni, weka stabilaiza kabla ya UPS. Ijaribu UPS kila mwezi: anza raundi kwa hali ya majaribio, isiyochoma kweli, chomoa waya ukutani, na upime kwa saa. Ikifa kabla ya dakika 9, nunua betri mpya kabla ya oda inayofuata.

Inasoma kwenye kompyuta, deki inakataa

Uliburuta faili la video ukalichoma kama data. Deki nyingi za zamani zinahitaji DVD ya video yenye folda zake maalumu, mfumo wa PAL, picha ya 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde. Au hukuifunga diski mwishoni. Programu ina kipengele cha kuifunga (finalize), kiwashe siku zote. Tumia DVD-R kuliko DVD+R kwa deki za miaka mingi. Kuwa na deki moja ya bei ya chini chumbani kwa ajili ya kukagua, ile inayosumbua zaidi unayoweza kuipata sokoni. Ikicheza kwenye hiyo, itacheza Misungwi na Nansio.

Ukaguzi unaofaa

Mashine ina kipengele cha kunakili na kulinganisha. Kinaongeza muda karibu sawa na wa kuchoma, lakini kitumie kwenye raundi ya kwanza, ya mwisho, na raundi yoyote baada ya kufungua fungu jipya au baada ya umeme kurudi. Raundi nyingine, chukua diski moja, kila mara kutoka draivu tofauti, icheze kwenye deki: dakika moja mwanzoni, moja katikati, na tatu za mwisho kabisa. Hizo tatu za mwisho usiziruke.

Wino unaganda kwenye diski ya juu yake

Diski zilizochapwa zikipangwa mara moja hugandana, na wakati wa mvua za Machi hadi Mei wino hukauka polepole. Zisambaze kwenye rafu ya waya upande wa picha juu, saa 2 wakati wa kiangazi, usiku mzima wakati wa masika, ndipo uweke kava. Rafu iwe na kifuniko cha chandarua. Chapa baada ya kuchoma na kukagua, usichape kabla. Ukichapa kwanza, diski itakayofeli imekula na wino, na unyevu wake unaingia kwenye draivu.

Alama ya kidole juu ya uso mweupe kabla ya kuchapa huacha doa ambalo wino haushiki. Likitokea, hakuna la kufanya kwenye diski hiyo.

Zilitoka nzima, zimefika zimekufa

Kopi zinazovuka kwa meli kwenda Ukerewe hupata unyevu na rasharasha za mawimbi. Zinazokwenda kwa basi hukaa juani nyuma ya kioo. Kava ya karatasi haitoshi. Weka kila diski kwenye kava ngumu yenye kitovu cha kuishika, kava 25 ndani ya boksi zikiwa zimesimama kama vitabu, boksi ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa kwa utepe. Juu yake andika zisiwekwe juani wala kulaliwa na mzigo. Ukitoa diski kwenye kava kwa kuivuta ukingoni bila kubonyeza kitovu, inapinda, na DVD inaweza kuachana kwenye gundi yake. Mwonyeshe mteja namna ya kubonyeza, na mara nyingi inatosha kumwonyesha mara moja.

Ndoo nyekundu imwagwe kila Ijumaa. Zikate kwa mkasi wa bati, kwa sababu diski iliyofeli nusu bado ina nusu nzuri ya kazi ya mteja. Masta na nakala yake ya kwenye diski kuu ya nje zitunze kabatini, masta ikiwa imesimama ndani ya kava, giza na pakavu, pamoja na ukurasa wa daftari unaoonyesha zilichomwa kwa fungu gani.